Herufi Kumi na Sita Kwenye Pipa la Busaa

Wewe, hebu nikuulize: umewahi kuona mtu hajui kusoma gazeti, hajui kusoma hata kibao cha duka, lakini anaweza kukuandikia neno moja ya Kizungu ya herufi kumi na sita bila kuangalia mahali, na asikosee hata moja? Basi acha kutafuta. Niangalie mimi.

Juzi mjukuu wangu Nasimiyu alikuwa amekaa hapa kwangu Kitale, simu mkononi, anauma midomo kama mtu anang'olewa jino. Nikamuuliza, "Kwani hiyo simu imekukosea nini?" Akasema, "Ni mchezo tu, Kukhu." Kukhu ndiyo nyanya, kwa Kibukusu. Ati simu inakupa herufi tatu, na wewe unatafuta neno ya Kizungu ile ndefu kabisa yenye iko na hizo herufi zote, hata kama zimekaa mbalimbali. Ukipata ndefu, unapewa nyota.

"Na leo umepewa gani?"

"G, H na P. Nimeweka photograph. Imeniambia ati iko ndefu kuliko hiyo."

Wee! Nilikuwa napepeta maharagwe. Uteo ilinitoka kwa mikono, maharagwe ikaingia mpaka chini ya kabati. Haki ya Mungu, nilisikia harufu ya kimera na mkaa kwa pua, hapa hapa, na hakuna mtu alikuwa anapika kitu. Nikamwambia, "Leta kalamu." Nikageuza kartoni ya sabuni, nikaandika pole pole, moja moja, vile mtu anapanda mahindi kwa laini: ORGANOPHOSPHORUS.

Nasimiyu akahesabu na kidole. Akahesabu tena. "Kukhu! Ni kumi na sita! Si wewe husemanga hujui kusoma?"

"Sijui."

"Sasa hii ulitoa wapi?"

"Kwa pipa ya pombe."

Huyo mtoto alifungua mdomo, nzi angeingia. Basi keti, nikamwambia. Na nyinyi wa rika langu ketini pia, kwa sababu mlikuwa na hizo mapipa kwenu, msijifanye.

Kwetu ni Kabuchai, huko Bungoma. Mimi nilianza shule muhula moja peke yake. Nilikuwa nimejua tu herufi zinaitwa nani, bado hazijaanza kuongea, mama akajifungua, na mimi nikatolewa nikae na mtoto. Ndiyo ilikuwa hivyo. Msichana anatolewa kama kiti inatolewa nje, hakuna mtu anaiuliza. Kaka yangu Wafula akaendelea. Yeye alikuwa darasa la sita, na alikuwa ananiringia na ile kaptula yake ya shule mpaka nasikia kulia.

Hapo shuleni kulikuwa na mwalimu mmoja msichana msichana hivi, amevaa viatu vya kisigino kwa hiyo vumbi yetu. Tulimwita Madam. Huyo Madam alikuwa na mchezo wake. Jumatatu anaandika herufi tatu kwa ukuta wa ofisi na chaki, nje, mahali kila mtu anaona. Ijumaa unaleta neno ya Kizungu yenye iko nazo zote. Mwenye ameleta ndefu, ameshinda. Na hakuwa anapeana kalamu ama daftari. Hapana. Ukishinda, Madam alikuwa anakusindikiza mpaka kwenu, anaketi na wazazi, na anakuombea kitu moja. Moja tu. Kuna kijana aliombewa asichunge ng'ombe Jumamosi. Kuna mwingine aliombewa sweta. Na Madam akiomba, wazazi walikuwa wanaona haya kukataa, mwalimu ameketi na kikombe yao mkononi.

Na alikuwa amesema ni ya mtoto yeyote wa hiyo kijiji. Yeyote! Mimi nilisikia hiyo neno nikiwa nje ya ua na mtoto mgongoni, na haikunitoka tena. Mimi kitu yangu moja nilikuwa naijua. Nirudi shule.

Sasa ilikuwa mwaka wa kutahiri, na Wafula alikuwa ametangaza anaingia. Vijana wetu wakitaka kutahiriwa, wanabeba njuga za chuma, wanazunguka kwa jamaa yote wakiita watu, wanaimba, wanapiga hizo chuma, ching'iri ching'iri, kutoka Kabuchai mpaka kwa shangazi huko Lwakhakha. Wafula hakuwa na saa ya kutafuta maneno. Jumatatu jioni akakuja nyumbani amejaa vumbi, sauti imeisha, akanishika mkono akaniandikia na kalamu ya wino hapa kwa ngozi: G, H, P.

"Nitafutie," akasema. "Mimi niko na shughuli ya wanaume."

"Na nikipata?"

"Ukipata, jipelekee. Mimi nitatahiriwa Jumamosi, nataka sweta ya nini?"

Akacheka. Alikuwa anacheza na mimi. Mimi sikucheka.

Hebu fikiria hiyo akili ya mtoto. Sikuwa najua Kizungu hata moja. Nilikuwa najua majina ya herufi na sura yao tu. H ilikuwa geti ya boma. P ilikuwa mama amefunga mtoto juu sana. G ilikuwa nyoka anataka kuuma mkia yake, anashindwa. Nikawa naenda na huo mkono wangu kila mahali, naulinganisha na vitu. Pakiti ya majani: hakuna. Kiberiti: neno fupi. Sabuni: fupi. Nikakaa chini nikafikiri, nikasema, kumbe! Kitu ndogo iko na neno ndogo. Basi neno ndefu itakuwa kwa kitu kubwa. Na hapo kwetu kitu kubwa kuliko yote ilikuwa gani? Pipa.

Hiyo pipa baba alikuwa ameileta kutoka shamba kubwa huku Kitale, mahali alikuwa anaswaga ng'ombe za watu ziingie kwa dipu, zioshwe na dawa. Dawa iliisha, yeye akaomba pipa, akapewa. Alishuka nayo kwa barabara, akaiviringisha mpaka nyumbani na wazee wanampigia makofi. Pipa ya bluu, mpya, haina kutu! Kule kuviringisha kulimaliza picha na maandishi makubwa yote, kukabaki tu yale madogo ya chini, karibu na tako la pipa.

Mama aliuliza, mimi nilimsikia na masikio yangu. "Baba Wafula, hii si ilikuwa na dawa?"

Baba akasema, "Ni dawa ya kupe. Wewe ni kupe?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maneno ikaishia hapo. Na msifikiri baba alikuwa mchafu. Aliiosha! Aliiosha vile sisi huosha kibuyu cha maziwa: mchanga, majivu, maji ya mto, halafu ndani akachoma vijiti vya ule mti wa kusafishia vibuyu, akasugua na mkaa mpaka pipa ikanukia kama maziwa lala. Ungeweka pua hapo ungesema, leteni kikombe. Kwetu kitu ikishasuguliwa na mkaa, hiyo ni safi, hakuna swali. Alhamisi jioni senge, dada ya baba, mwenye alikuwa mpishi wa busaa, ile pombe yetu ya unga, wa hiyo kijiji yote, akamwaga ndani unga umekaangwa, kimera na maji. Ikae usiku, ikae Ijumaa, Jumamosi Wafula akitoka mtoni amepakwa matope asimame imara, na wazee waketi na mirija yao.

Mimi Ijumaa asubuhi nilipewa kazi ya kufukuza kuku karibu na hiyo pipa. Nikaketi chini na mtoto kwa mapaja. Mtu mzima amesimama, hawezi kuona maandishi ya huko chini. Mimi nilikuwa sawa na hayo. Nikaangalia. Nyoka! Nikaangalia mkono. Mama na mtoto juu! Mara mbili! Na geti, mara mbili! Na hiyo neno ilikuwa inaenda tu, inaenda, inazunguka pipa, mpaka nikahama mahali nimekaa. Woi, nilisikia moyo inataka kutoka.

Nikakata jani la mgomba. Nyinyi mnajua ukichora jani la mgomba na mwiba, baada ya muda kidogo laini inakuwa nyeusi. Nikachora zote, moja moja, nikifunga jicho moja. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikakimbia shule.

Nilikuta wamejaa darasani, siku ya kufunga shule. Mtoto wa mwenye duka alikuwa amesimama mbele, ameleta photograph, amefunga kifua na mikono kama mkubwa. Kuniona mlangoni, darasa yote ikalipuka.

"Yaya ameleta mboga!"

"Madam, yaya anauza majani!"

"Nyamazeni," Madam akasema. Akanyoosha mkono. "Leta, mama."

Hakuna mtu alikuwa ameniita mama vizuri hivyo. Nikampa. Akaangalia jani. Akatabasamu kidogo, vile mtu anajaribu kusaidia. Halafu ile tabasamu ikasimama. Akasoma kwa sauti, neno yote, na mimi kwa hofu sikushika hata kipande. Akainama mpaka uso wake ukafika kwa uso wangu.

"Hii umetoa wapi?"

Nikajua nimeiba. Nilifikiri hiyo neno iko na mwenyewe. "Kwa pipa yetu," nikasema.

"Pipa ya nini? Iko na nini ndani?"

"Busaa ya Wafula."

Chaki ilianguka. Nyinyi, Madam alitoa viatu vyake vya kisigino hapo hapo mlangoni, akashika sketi na mkono moja na jani langu na mkono ingine, akakimbia! Mwalimu! Miguu chini, kwa kokoto! Darasa yote ikamfuata wakipiga kelele, wakifikiri ndiyo kusindikiza mshindi. Na mimi nyuma, mtoto anarukaruka mgongoni, nalia, kwa sababu kwa akili yangu nilikuwa nimeleta neno ndefu mpaka imeharibu kichwa ya Madam.

Tukafika. Senge alikuwa amesimama karibu na pipa na kata mkononi, imejaa, anapuliza povu ndiyo aonje. Alikuwa anaita mama, "Leta mwiko hapa!" Kata imefika hapa kwa kidevu.

Madam akapiga nduru: "Weka chini! Mama, usinywe!"

Senge akashtuka, kata ikamwagika kwa leso yake. Madam hata hakusalimia. Akaweka bega kwa pipa, ikakataa. Akageukia watoto. "Sukumeni!" Na watoto wa shule, wewe unawajua, ukiwaambia wasukume kitu wanauliza kwa nini? Walirukia hiyo pipa wote. Ikalala. Busaa ya kutahiri mtoto wa kwanza wa baba yangu ikatoka yote, vuuu, ikashuka kwa uwanja mpaka kwa ndizi.

Halafu senge akaanza kulia kama amefiwa. Baba akatoka nyuma ya nyumba na rungu.

"Nani amemwaga?"

"Ni mimi, mzee," Madam akasema. "Hiyo pipa ni sumu. Imeandikwa."

"Mimi niliosha."

"Haiishi kwa kuosha, mzee."

"Ni dawa ya kupe! Wewe mtoto wa nani unakuja kuniambia hivi kwangu? Kesho jamaa yote inafika. Nitawapa nini, chaki?"

Watu wakaanza kuja kutoka kila boma. Mjomba mmoja akasema huyu msichana apelekwe kwa chifu. Madam akafanya kitu mimi nakumbuka mpaka leo. Alikaa chini. Kwa udongo, na sketi yake ya shule. Akasema, "Kama nimekosea, mtanipeleka. Lakini ngojeni kidogo. Angalieni kuku."

Kuku na bata walikuwa wameingia kwa machicha, wanadonoa na furaha. Walikuwa na jogoo mwekundu mbele, yule wa kupewa mtahiri. Tukangoja. Mara jogoo akaanza kutembea na upande. Watu wakacheka! Senge mwenyewe akacheka na machozi. "Amelewa! Ona, amelewa mbele ya wazee!" Jogoo akazunguka, akapiga mabawa, akapinda shingo nyuma, mdomoni mate mengi. Bado kuna wenye wanacheka. Halafu akaanguka. Akapiga miguu. Akawacha. Halafu tetea mmoja. Halafu bata wawili, pamoja, kama wameitwa.

Hakuna mtu alicheka tena. Tulisikia tu njuga za Wafula huko mbali zikikuja, ching'iri ching'iri, analeta watu.

Madam ndiye aliamka wa kwanza. Akaitisha maji na sabuni, akaosha miguu ya kila mtoto mwenye alisukuma, na mikono, akamvua senge ile leso kwa nguvu. Baba alikuwa bado amesimama. Akaanza kutaja majina, pole pole, hata sijui kama alijua anaongea. Jina la baba yake. Majina ya ndugu zake. Senge. Jina la Wafula. Kila mtu mwenye kesho angeweka mrija kwa hiyo pipa. Rungu ikaanguka, akakaa chini karibu na Madam, miguu imenyooka kama mtoto.

Baadaye akaniita. Nilienda nikijua ni kiboko.

"Wewe," akasema, "ulisoma nini hapo kwa pipa?"

"Sikusoma, baba. Nililinganisha tu."

Halafu akamwambia Madam, bila kumwangalia, "Mwalimu, sasa unataka nini kwangu?"

Madam alikuwa bado ameshika jani langu, limekuwa jeusi. Akasema, "Mzee, leo huyu ndiye alishinda. Nilikuja kumwombea kitu moja."

Hata hakumaliza. Baba akasema, "Januari arudi."

Wafula alitahiriwa kesho yake, akasimama kama mti, na wageni wakakunywa chai ya rangi na uji. Mpaka leo watu wa rika yake wanamwambia, "Wewe nyamaza, wewe ulitahiriwa na chai." Anakasirika! Halafu ananipigia simu kutoka Lwakhakha anicheke mimi.

Na mimi Januari nilirudi. Baba hakuvunja neno yake. Nilisoma ile mwaka moja, nikajua jina langu na hesabu ya kujumlisha, halafu mama akashikwa na ugonjwa wa kifua, na kukawa na watoto watatu wadogo. Hakuna mtu alinifukuza mara ya pili. Nilijitoa mwenyewe. Madam naye alikuwa amehamishwa. Lakini ile neno nilibaki nayo. Nikiwa jikoni nilikuwa naiandika kwa majivu, nafuta, naandika. Ilikuwa ndiyo shule yangu yote, na sikujua hata inaitwaje.

Nasimiyu akachukua ile kartoni yangu. Akaingiza hiyo neno kwa mchezo. Simu ikakataa! Ati hiyo neno haiko. Akakasirika kuliko mimi. "Ni simu haijui, Kukhu!" Akatafuta mahali pengine, akaipata, akanisomea kwa sauti. Hiyo siku ndiyo nilishika jina yake vizuri. Ati ni jamii ya sumu, inashika mishipa, mtu anashindwa kupumua. Na mimi niliibeba hapa kwa kichwa miaka hiyo yote kama kito!

Yeye akaamka. Akaingia chumbani kwangu, akarudi na pakiti yangu ya dawa ya presha. Akashika karibu na macho.

"Kukhu, hizi unamezanga saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikiamka tu, kabla ya chai."

"Imeandikwa umeze baada ya kula. Imeandikwa hapa chini, ndogo ndogo." Akaniangalia. "Ndiyo maana hiyo tumbo inakusumbuanga?"

Mwaka mzima! Pakiti iko kwa mto wangu, na mimi naangalia tu rangi. Nikaanza kucheka, halafu nikaona mtoto analia. Nikamwambia, "Njoo hapa, si sijakufa." Akakataa kuja. Alisimama hapo katikati ya nyumba, pakiti kwa mkono moja, kartoni yangu ya sabuni kwa ingine, akasema:

"Kukhu, naahidi. Hakuna kitu itaingia kwa hii nyumba bila mimi kukusomea, hata maandishi ya chini kabisa. Nitakusomea kila siku na kidole, neno kwa neno, mpaka siku utaninyang'anya karatasi uniambie, 'Leta hapa, nisome mwenyewe.'"